Kile Kipimo Nilichomwagizia Binti Yangu

Nyinyi watoto mlioingia maabara juzi, na makoti bado yana mikunjo ya duka, hebu nipeni masikio kidogo. Mimi si daktari na si fundi wa maabara. Niliacha shule darasa la tano kwa sababu nyumbani Olenguruone ndama walikuwa wengi kuliko watoto wa kuwachunga. Lakini nimeosha chupa na masinki ya maabara moja hapa Nakuru kwa miaka ishirini na nane, na mtu akiosha sinki muda huo wote anajua ni nini huingia humo. Mjukuu wangu Chebet ndiye ananipigia haya maneno kwa kompyuta. Ni mkali wa vitabu, yule, shule nzima inamjua. Mtu asiniambie najisifu. Najisifu, ndiyo. Nimemwambia tu asinitengenezee maneno yawe ya mwalimu.

Nitawaambia juu ya vipimo vya antibodi, vile vya magonjwa ambayo mwili unajishika wenyewe. Na nitawaambia juu ya binti yangu Cherono, mama yake Chebet, ambaye tulimzika akiwa na miaka ishirini na tisa. Ugonjwa ndio ulimuua. Lakini miezi minane ya kwanza ya huo ugonjwa ilipotelea kwenye mlango wa nyuma wa maabara, na ufunguo wa ule mlango ulikuwa kwa mfuko wangu.

Ngoja nianze na sabuni, kwa sababu ndiyo iliyonifunza ya kwamba kwa maabara hakuna kazi ndogo. Wiki yangu ya kwanza nilipewa beseni la chupa za kuoshwa. Mimi ni mwanamke wa kuosha sufuria mpaka ujione uso. Nikatia sabuni ya unga konzi mbili, nikasugua, nikasuuza mara moja, nikazipanga juani zikinukia maua. Kesho yake Mzee Barasa, mkuu wa maabara, mtu wa Bungoma mwenye tumbo la ugali na vidole vyembamba kama vya msichana, akatoka nje ameshika chupa mbili.

"Mama Cherono," akasema, "leo ama Nakuru nzima ni wagonjwa, ama wewe umetia sabuni."

"Si ulisema zisafishwe?"

"Nilisema zisafishwe. Sikusema zifuliwe kama shuka la harusi."

Sabuni ikibaki ndani ya chupa, hata kidogo tu ambayo jicho halioni, kipimo kinadanganya. Barasa akanifunza kusuuza mara saba, na ya nane kwa maji yale yaliyochujwa chumvi. Nilikuwa nahesabu kwa sauti. Siku hizi mnatumia vichupa vya plastiki vya kutupa, na sabuni yenu ni ya kuosha vikombe vya chai. Sawa. Lakini nyinyi pia mna sabuni zenu, tofauti na yangu, na hazionekani.

Antibodi ni nini? Barasa alinieleza tukiwa tunakula githeri nyuma ya jengo, nami nitawaeleza vile nilielewa. Boma lina mbwa. Mgeni akiingia, mbwa wanabweka, na kila mgeni ana mbwa wake anayemjua harufu. Sasa kuna magonjwa ambayo mbwa wanasahau watu wa nyumbani. Wanamrukia mtoto, wanamrukia mama anayewalisha. Wanaingia kwa viungo, wanaingia kwa ngozi, wanaingia kwa figo. Hicho kipimo kinatafuta kama ndani ya damu kuna mbwa wa aina hiyo.

"Na ukimpata mbwa," nikamwuliza, "mtu ni mgonjwa?"

"Hapana. Kuna mbwa anabweka maisha yake yote na hajawahi kuuma mtu."

Aliyasema hayo kwa uchungu, kwa sababu yalimpata. Siku walipoleta ile mashine ya kusoma hicho kipimo, Barasa alijaribu kwa damu yake mwenyewe, na kipimo kikamwambia ana antibodi za kujishambulia. Kidogo tu, lakini anazo. Akaacha chumvi, akaacha nyama, akaanza kuangalia mikono yake kwenye mwanga wa dirisha. Wiki mbili mshipi ukarudi nyuma matundu mawili. Daktari alipompima kutoka kichwa mpaka kidole, akamwambia, "Barasa, wewe huna kitu. Kuna watu wazima wengi wanatembea na hiyo kitu na hawajui. Rudi kazini." Akarudi, na nyama akairudia siku hiyo hiyo kwa hasira. Tulimcheka mwaka mzima. Lakini shikeni hilo: karatasi peke yake haijui mgonjwa. Inahitaji mtu wa kumwangalia mgonjwa, amwulize, amguse.

Mimi nilisikia hayo kwa masikio yangu, nikacheka, halafu nikaenda kufanya kinyume chake.

Cherono alikuwa amebaki Olenguruone na shamba. Viazi, kabichi, ng'ombe wawili. Baba ya Chebet alikuwa ameenda kutafuta kazi na akapata, lakini hakurudi, kwa hiyo pale nyumbani alikuwa Cherono na Chebet wa miaka minne. Kila mwisho wa mwezi Cherono alikuwa anakuja Nakuru na gunia la viazi na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu yaliyolala na kukomaa ndani ya kibuyu kilichopakwa masizi. Mwezi mmoja akaja bila gunia.

"Viazi viko wapi?"

"Viko shambani, Mama. Mikono imekataa. Asubuhi siwezi hata kufunga kifungo cha sweta. Chebet ndiye ananifungia."

Vidole vyake vilikuwa vimevimba kama ndizi za kupika. Alisema magoti pia, na uchovu wa kulala amesimama. Sasa sikilizeni vile kichwa changu kilifanya. Sisi watu wa Bonde la Ufa, mtu akisema viungo vinauma, tunauliza maziwa. Brusela. Kila mtu anaijua. Ng'ombe anakuwa nayo, maziwa hayachemshwi, mtu anashikwa homa na viungo. Na mimi nilikuwa mama wa maabara! Nilikuwa nimeona kipimo cha brusela mara elfu. Tone la maji ya damu kwa kigae cheupe, tone la dawa ya rangi, koroga na kijiti, tingisha polepole, na kama iko, unaona chembechembe zikishikana kama maziwa yanapoanza kukatika. Mimi ndiye nilikuwa naosha hivyo vigae. Ningeenda kupanga laini kwa daktari, niketi na umati wa watu, nitafute nini?

Nikamwingiza Cherono kwa mlango wa nyuma. Barasa alikuwa na kazi nyingi, lakini mtu wa kazini hawezi kukataliwa. Hiyo ilikuwa desturi yetu, na ninajua bado ni desturi yenu, msinidanganye. Mtoto wa mlinzi akiumwa, anapitia nyuma. Shangazi wa karani, anapitia nyuma. Hakuna fomu, hakuna kungoja, unasema tu ni kipimo gani unataka, kama mtu anayeagiza chapati.

"Mpimie brusela," nikamwambia Barasa.

"Daktari amemwona?"

"Mimi nimemwona. Mimi ni mama yake."

Barasa akapima. Akatingisha kigae, akainama, akainua kichwa. "Iko kidogo."

Iko kidogo! Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Si nilisema? Nikamnunulia Cherono dawa, akadungwa sindano wiki nzima kwa duka la dawa, akapata nafuu siku tatu, maumivu yakarudi. Mwezi uliofuata nikamleta tena kwa mlango ule ule. Iko kidogo. Dawa kali zaidi. Mwezi wa nne tena. Wa sita tena. Kila mara iko kidogo, na kila mara mimi nasema, hii brusela imekauka ndani ya mifupa.

Barasa alijaribu kusema. Mara ya tatu aliniambia, "Mama Cherono, mtu akinywa maziwa yasiyochemshwa tangu utotoni, hiki kigae kinaweza kuonyesha kidogo hata kama si brusela inayomsumbua. Mpeleke kwa daktari." Nikamjibu vibaya sana. Nikamwambia yeye ni mtu wa kuku, atajua nini juu ya maziwa. Akanyamaza. Nawaambia nyinyi mtakaokuwa wakubwa wa maabara kesho, msinyamaze. Mwanamke mwenye ufagio akikufokea, wewe fokea zaidi.

Halafu nikapanda Olenguruone Jumapili moja nikatoa vibuyu vyote vya mursik nyumbani. Vilikuwa vinne. Viwili vilikuwa vya mama yangu mzazi, ambaye Cherono alimwita kogo, yaani nyanya, na shanga zake shingoni, ngozi ya kifuniko imelainika kwa mkono wake. Nikavichoma moto nyuma ya zizi. Cherono alisimama akiangalia, kitambaa kimefunga kichwa mpaka kwenye nyusi. Sikumwuliza kwa nini anafunga kitambaa hivyo. Nywele zilikuwa zinatoka kwa mafungu, na aliona haya kuniambia. Alikuwa na vidonda mdomoni pia, alikuwa anakula viazi vimepoa. Hayo yote daktari angeuliza. Mimi sikuuliza, kwa sababu nilikuwa najua jibu.

Mwezi wa nane alikuja na uso umebadilika. Wekundu ulikuwa umekaa kwa mashavu yote mawili na kuvuka pua, kama mtu aliyepakwa kwa kiganja. Nikamwambia ni jua la shambani, keti hapo kwa ngazi nyuma nimalize kupiga deki nikuingize. Akaketi, amevua viatu kwa sababu miguu ilikuwa imefura.

Kulikuwa na daktari msichana aliyetoka kusoma karibuni, Daktari Wairimu. Alikuwa na tabia ya kuja maabara mwenyewe kuuliza majibu badala ya kutuma karatasi, na siku hiyo alipita nyuma kwa sababu mbele sakafu ilikuwa na maji yangu. Nilimsikia akisimama.

"Dada, hii uso imekuwa hivi tangu lini?"

"Miezi miwili, daktari. Nikikaa kwa jua inawaka."

"Na mikono?"

"Mikono ni ya kitambo."

"Ukikojoa, mkojo unatoa povu?"

Cherono akacheka kwa aibu. "Kama pombe ya chupa."

Daktari Wairimu akaingia ndani, ananitafuta na macho. "Ni nani anamtibu huyu mtu?"

Nikasimama na mopu yangu, nikiwa na miaka kumi na minane ya kazi wakati huo, na sikuwa na jina la kumpa.

Alimpima mkojo saa hiyo hiyo. Protini ilikuwa imejaa, ile karatasi ya kuchovya ikageuka kijani kizito. Akatoa damu mirija mitatu, na mimi nikamwona vile anafanya: akaandika jina kwa mrija akiwa bado ameketi kando ya Cherono, akamwuliza, "Niambie majina yako yote mwenyewe," kisha ndipo akasimama. Fanyeni hivyo. Mrija ukitembea hatua tano bila jina, huo ni wa mtu yeyote.

"Nafikiri ni lupasi," akaniambia. "Kinga ya mwili imemgeukia. Nataka Barasa apime antibodi, na ikitoka, damu nyingine iende Nairobi wakaangalie zile za figo. Lakini dawa naanza leo."

"Bila majibu?"

"Mama, figo hazingoji karatasi. Karatasi itanikuta njiani."

Sasa hiki kipimo cha antibodi wakati huo kilikuwa kinafanywa kwa sahani ya plastiki, ndogo kama daftari, yenye vishimo tisini na sita. Ni kama trei ya mayai ya ndege wadogo sana. Damu inazungushwa kwa mashine mpaka maji yake ya manjano yanabaki juu, unachota hayo maji, unayapunguza nguvu, unayatia kwa kishimo. Unaosha, unatia dawa, unaosha, unatia rangi. Kishimo chenye antibodi kinageuka samawati, halafu ukitia asidi kinageuka manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Kisicho nazo kinabaki maji. Na kila ukifungua lazima utumie vishimo vya kulinganishia, kwa hiyo huwezi kufungua kwa ajili ya mtu mmoja. Mnangoja sampuli zijae. Zinakaa kwa friza, zimeganda, zinangoja wenzao.

Cherono alingoja wiki tatu. Nilikuwa nafungua ile friza kila asubuhi kuhesabu mirija. Saba. Tisa. Tisa. Kumi na moja. Yeye alikuwa amelazwa wodini, miguu imejaa maji, presha imepanda, na mimi niko hapa nahesabu mirija. Siku moja nikalipuka.

"Barasa, wewe unaua mtoto wangu na sahani yako! Fungua!"

Barasa alikuwa ameinamia hadubini. Akaenda kabatini akatoa lile daftari kubwa la brusela, akalifungua juu ya meza yangu ya kuoshea, karibu lilowe. Akaweka kidole. Cherono. Akageuza kurasa. Cherono. Akageuza. Mara nne. Kila mstari ulikuwa na tarehe, jina, jibu, na mwisho kabisa nafasi ya kuandika daktari aliyeagiza kipimo. Kwa watu wengine kulikuwa na majina ya madaktari. Kwa mistari minne ya Cherono alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: Mama wa maabara.

"Dawa alianza siku ile ile daktari alimwona," Barasa akasema. "Hizi wiki tatu hazijamnyima kitu. Mimi pia niko kwa hii daftari, Mama Cherono. Mkono ulioandika ni wangu."

Nilisoma kwa shida, mimi, lakini maneno hayo matatu niliyasoma.

Majibu yalitoka Alhamisi. Kishimo chake kiliwaka kuliko vyote. Ya Nairobi yakaja baadaye na kusema yale yale, kwamba antibodi zilikuwa za ile aina inayokula figo. Daktari Wairimu aliketi na sisi wawili kitandani kwa Cherono. Hakuzungushia maneno. Akasema figo zimeumia sana. Akasema tungefika miezi sita au saba mapema, zingekuwa na nafasi nzuri zaidi, si hakika, lakini nafasi. Cherono akamwuliza, "Kwani miezi hiyo yote nilikuwa nameza dawa ya nini?" Daktari akaniangalia mimi, akaona si kazi yake kujibu, akatoka.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mlango, kigae, Barasa na maneno yake, vile nilimtusi.

Hapa Chebet ameacha kuandika, ameenda kuchemsha chai. Nimemngoja. Amerudi.

Cherono hakulia. Alikaa akivuta uzi wa blanketi. Kisha akasema, "Kwa hiyo mursik haikuwa na makosa."

"Haikuwa."

"Na vibuyu vya kogo ulivichoma bure."

"Nilivichoma bure."

Akageukia ukuta. Wiki nzima hakuongea na mimi. Nilikuwa namletea uji, anaunywa, ananirudishia kikombe bila neno. Watu wa kanisa waliniambia mgonjwa akisamehe anapona haraka, nimwombe anisamehe. Sikumwomba. Nilionelea ana haki ya kukasirika, na pale kitandani alikuwa na vitu vichache sana vilivyo vyake. Siku ya nane akaniambia, "Hii uji haina sukari," na tukaanza tena kutoka hapo.

Aliishi miaka miwili na miezi kadhaa. Msifikiri ilikuwa miaka ya kulia tu. Zile tembe za kutuliza kinga zilimfurisha uso ukawa mviringo kama sahani ya bati, na wanawake wa soko wakawa wanamwita. "Cherono, umenona! Ni mume gani huyo anakulisha?" Naye anawajibu, "Ananilisha tembe, mama, asubuhi nane, na bado anasema niongeze." Kulikuwa na tembe nyingine, ndugu ya ile ya zamani ya malaria, ambayo ilimrudishia ngozi. Viungo vikalegea. Akafunga vifungo vyake mwenyewe. Nywele zikaota, fupi na laini kama za mtoto, na Chebet akawa anapenda kuzipapasa. Kuna msimu alipanda viazi, akakaa na mwavuli kwa kiti akiwaelekeza vibarua kama mzungu wa zamani wa Rongai.

Lakini figo hazikurudi. Ikafika mahali akawa anakuja Nakuru mara mbili kwa wiki kufungwa kwa ile mashine ya kusafisha damu, kwa muda wa saa nne kila mara. Akahamia kwangu na Chebet. Nilikuwa naomba ruhusa ya chakula cha mchana naenda kuketi naye. Alikuwa anauliza habari za maabara. Ni nani amepimwa nini, Barasa amegombana na nani.

Siku moja Barasa mwenyewe alikuja pale kwenye mashine, ameshika kofia mkononi. Akasimama kama mtu amekuja kuposa.

"Cherono," akasema, "nina ombi, na ukikataa sitakasirika. Kila tukifanya ile sahani, tunahitaji damu moja ambayo tunajua kabisa ina antibodi. Tunaitia pamoja na za wagonjwa. Ikigeuka manjano, tunajua kipimo kimefanya kazi. Isipogeuka, tunatupa sahani yote, tunaanza upya, hakuna mgonjwa anapewa jibu la uongo. Yako ina nguvu kuliko zote nimeona. Ukinipa mirija michache nitaigawa kidogo kidogo, itatusaidia muda mrefu. Jina halitaandikwa."

Cherono akamtazama. "Kwa hiyo nitaajiriwa maabara."

"Unaweza kusema hivyo."

"Kama Mama. Lakini mimi sitaosha vyombo."

"Hutaosha."

"Na nitaingia kwa mlango wa mbele?"

Barasa akatazama kofia yake. "Wa mbele kabisa."

Akatia sahihi kwenye fomu. Daktari Wairimu ndiye aliyeshuhudia. Wakatoa damu siku hiyo hiyo, akiwa bado amefungwa kwa mashine, na akawatania kwamba wanamnyonya kutoka pande mbili.

Alikufa mwezi wa sita, kwa maambukizi ya kifua ambayo mwili haukuweza kupigana nayo. Alikuwa wodini siku nne. Mchana wa siku ya nne nilikuwa nampaka mafuta mikononi, na nikaona vidole vimelegea, havina uvimbe hata kidogo, vilikuwa vizuri kama vya msichana wa shule. Nikaendelea kupaka. Sista ndiye aliyekuja akanishika bega. Tulimzika Olenguruone, upande wa zizi. Mvua ilinyesha na watu wakasema ni baraka. Mimi nilikuwa na matope mpaka magotini.

Nikarudi kazini baada ya wiki mbili, kwa sababu Chebet lazima ale. Na nikakuta Cherono yuko kazini.

Barasa alikuwa amegawa maji yake ya damu kwa mirija midogo kama njugu, akaipanga kwa friza kwa sanduku lake peke yake. Hakukuwa na jina. Lakini mimi ndiye nilikuwa nachukua sahani zilizotumika kuzitupa, na nilijua kishimo chake. Safu ya kwanza, cha nne kutoka juu. Miaka saba, kila sahani iliyotoka pale, nilikuwa naangalia hapo kwanza. Sahani nyingine wagonjwa wote wako safi, ni maji matupu kutoka mwanzo mpaka mwisho, na pale pamoja na vile vingine vya kulinganishia, manjano yake inawaka. Mara moja tu haikuwaka. Dawa ya rangi ilikuwa imeharibika kwa joto. Barasa akatupa majibu ya watu thelathini na wawili, akaanza upya. Mmoja wa hao thelathini na wawili angeambiwa hana kitu, na alikuwa nacho.

Wanafunzi waliokuwa wanakuja kujifunza walikuwa wanaona naishika ile sahani taratibu, wanacheka. "Kogo, hiyo si ni taka tu?" Sikuwajibu. Leo nawajibu. Kila tone mnalotia kwa kile kishimo limetoka kwa mkono wa mtu. Na fomu ikija mbele yako haina jina la daktari, hata kama aliyeileta ni mama yako mzazi, hata kama amefagia hapo kabla hujazaliwa, mrudishe kwenye laini. Akikutukana, mpeleke wewe mwenyewe kwa mkono mpaka kwa mlango wa daktari. Kipimo kinajibu kile umeuliza tu. Mimi niliuliza maziwa, kikanijibu maziwa.

Mirija ilipungua. Nilikuwa naiona sandukuni. Siku hizi kuna mashine mpya, haihitaji sahani, na damu za kulinganishia zinakuja zimefungwa kutoka ng'ambo. Lakini mwaka wangu wa mwisho wa kazi bado tulikuwa na sahani, na asubuhi moja Barasa aliniita ndani. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Alikuwa ameweka mrija mmoja kwenye kibao cha kusimamishia.

"Huu ndio wa mwisho," akasema.

Nikavua glavu zenye maji, nikavaa kavu, nikasimama kando yake. Sijawahi kusimama hapo kazi ikiendelea, haikuwa mahali pangu. Hakunifukuza. Ukayeyuka polepole mezani. Akauchota wote. Akatia, akaosha, akatia, akaosha. Akaweka rangi, tukangoja. Samawati ikaanza kuingia kama wino kwenye maji. Akatia asidi, na ikageuka.

Kulikuwa na mwingine aliyegeuka chini zaidi, msichana wa Rongai, miaka kumi na tisa, aliyetumwa na daktari wake baada ya wiki moja tu ya kuumwa. Barasa alisoma, akasoma tena, akaandika. Akachukua simu akampigia huyo daktari papo hapo, hakungoja kuchapisha.

Mimi nikachukua sahani. Nikaitia kwa mfuko mwekundu, nikafunga mara mbili vile sheria inasema, nikaupeleka mwenyewe mpaka kwa tanuri. Yule mwanaume wa tanuri alizoea kuniona natupa mifuko mitatu kwa mara moja.

"Mathe," akaniuliza, "leo umebeba nini na mikono miwili hivyo?"

"Ni taka ya maabara," nikamwambia. "Weka polepole."